Moshi Ukilala

Juni 9

Mke wangu ameondoka leo na basi la asubuhi. Amepata kazi ya msimu mmoja wa kiangazi kwenye kituo kidogo cha redio ng'ambo ya ziwa, kipindi cha jioni, saa kumi na moja hadi saa moja. Miaka yote alikuwa akitangaza mabasi kwa kipaza sauti pale stendi. Mwenye kituo alipita siku moja, basi lake likachelewa, akakaa akimsikiliza, kisha akamfuata dirishani. Basi linachelewa tu, na mtu unapoteza mke.

Jana tulikuwa kwa kaka yake, ukoo mzima umejaa sebuleni. Akasema atakuwa anarekodi vipindi vyake ananitumia kwa simu, maana kituo chenyewe hakipo kwenye mtandao na mawimbi yake hayafiki huku. Nikasema asinitumie. Mimi ni fundi friji, nimecheza na nyaya tangu sijaota ndevu, siletewi mke wangu vipande vipande kwenye simu. Nitamshika mwenyewe hewani, juu ya paa langu. Mashemeji wakapiga makofi. Yeye hakupiga.

Leo mlangoni mwa basi akaniambia, "Sawa, bwana. Ila usiniambie nirudi kabla hujanisikia nikiwa kazini. Ukishanisikia, mwisho wa msimu tutakaa tuamue."

Nikamwambia wiki moja inanitosha.

Juni 11

Tisini na saba nukta tatu. Nimeiandika kwa chaki juu ya mlango wa karakana. Jioni nimepeleka sindano ya redio hapo hapo, nikatega sikio. Mvumo tu.

Juni 12

Mvumo.

Juni 15

Nimetengeneza antena. Nimeng'oa mirija ya shaba kwenye friji mbovu zilizolala nyuma ya karakana, nimeinyoosha, nimeikata kwa vipimo, nimeifunga kwenye ubao kwa mpangilio, mirefu nyuma, mifupi mbele. Shaba ni shaba. Wanaonunua antena dukani wananunua bati lililopakwa rangi.

Binti yetu, ambaye yuko sekondari na amerithi ulimi wa mama yake, alisimama chini akiwa ameshika kiuno. "Baba, hiyo ni antena au ni ya kuanikia vyombo?"

"Nenda kasome."

"Nauliza tu, nijue kama nilete sahani."

Jioni ilipofika, mvumo ulikuwa mkubwa zaidi. Maana yake antena inafanya kazi. Hilo nimejifariji nalo mpaka wakati wa kula.

Juni 20

Nimegombana na Cheche. Ndiye jirani yetu wa ukuta mmoja, anachomelea mageti na madirisha, na jina hilo alipewa na mtaa mzima. Mchana kutwa analala kwenye benchi kwa sababu eti umeme ni mdogo, saa kumi na moja ikigonga tu anavaa miwani yake anaanza. Kila akigusa chuma redio yangu inapasuka krrr, krrr. Nikamfuata.

"Jirani, huwezi kufanya kazi mchana kama binadamu wengine?"

"Mchana moto haushiki, fundi. Na wewe huwezi kumpigia mkeo simu kama binadamu wengine?"

Niliondoka nikiwa nimevimba. Mtu asiye na adabu, tena na mageti yake yote yamepinda.

Juni 24

Mke wangu amepiga simu. Anapiga usiku akishamaliza kula, tunaongea habari za gesi ya kupikia, ada na viatu vya shule. Leo aliuliza, "Umenisikia?" Nikamweleza nilipofikia, urefu wa mirija, pembe ya ubao, balaa la Cheche. Akasema, "Haya." Akaomba kuongea na mtoto.

Juni 29

Nimeambulia patupu. Na upepo umeegemeza antena kwenye tangi la maji la watu.

Julai 3

NIMEWASHIKA!

Asubuhi, hata jua halijapanda vizuri, nilikuwa nakaza skrubu za mlingoti huku redio imewashwa, sikutegemea kitu. Ghafla mvumo ukakatika, kama mtu aliyefunga mlango, na mwanamume akapiga kelele sikioni mwangu: "Tisini na saba nukta tatu, ng'ambo hadi ng'ambo!" Ni wao! Nilidondosha spana ikatoboa bati. Nikamwita binti, akapanda na mswaki mdomoni, tukasikiliza wote wawili tumeinama juu ya kile kiredio.

Mwanamume huyo ndiye wa kipindi cha asubuhi. Anafoka tangu anafungua mpaka anafunga. Anafokea bei ya mbolea, anafokea utabiri wa hali ya hewa, anawafokea wasikilizaji wanaopiga simu kusalimia shangazi zao. Nimemwita Mzee Kelele. Leo nampenda, na afoke atakavyo.

Kufika saa tatu kasoro alianza kufifia, akaenda akarudi, kisha mvumo ukamfunika.

Usiku nilimpigia mke wangu kabla hajapiga yeye. "Nimewashika!"

Sauti yake iliruka. "Umenisikia?"

"Wewe bado. Nimeshika kituo, asubuhi, safi kabisa."

"Aa," akasema. Nikamweleza jinsi ilivyokuwa.

Julai 4

Asubuhi, Mzee Kelele. Jioni, mvumo.

Julai 9

Jioni hakuna. Asubuhi Mzee Kelele kwa dakika chache, anafokea chanjo ya kuku.

Julai 16

Siri ameigundua binti, sio mimi, na hilo limenikera kidogo. Aliniambia nitazame tanuri la matofali kule bondeni. Asubuhi ambazo kituo kinakuja, moshi wa tanuri haupandi. Unapanda kidogo, unagonga kitu kisichoonekana, unalala bapa juu ya mabati ya watu. Asubuhi ambazo moshi unapanda moja kwa moja, au upepo unaupeperusha, redio ni mvumo mtupu.

"Tulisoma kwenye jiografia," akasema. "Hewa ya baridi inabaki chini, ya joto inakaa juu yake. Ndiyo inazuia moshi. Labda na mawimbi yanagonga hapo hapo yanateleza mpaka huku."

Sasa nikiamka natazama moshi kabla sijatazama kitu kingine. Lakini moshi unalala asubuhi tu. Mchana jua linavuruga kila kitu, na jioni upepo wa ziwani unaingia na kufagia. Yaani hewa yenyewe imeamua niwe na Mzee Kelele, mke wangu hapana.

Julai 17

Upepo.

Julai 18

Upepo.

Julai 25

Upepo, na mteja mmoja ameniuliza kama nimeacha kutengeneza friji siku hizi. Nimemjibu vibaya.

Agosti 2

Siku mbaya. Mwenye bucha alinipigia jana alasiri kwamba jokofu lake limezima, nyama imejaa. Nikamwambia nakuja sasa hivi, na nilikuwa na nia hiyo. Ila upepo ulikuwa umetulia kidogo, jambo ambalo halijatokea jioni hata moja tangu Juni, nikaona nipande paa mara moja tu nigeuze antena. Nilipokumbuka bucha giza lilikuwa limeingia. Leo asubuhi nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya mlango, nzi wamemzunguka. Hakunitukana. Alisema tu, "Nimeshampata fundi mwingine." Mtu niliyemhudumia tangu afungue duka.

Na jioni ile sikuambulia chochote.

Binti alisikia habari shuleni kutoka kwa mtoto wa bucha. Ameniwekea chakula mezani akaenda chumbani bila mzaha wowote. Ningependa angenitania.

Agosti 8

Cheche ameacha kuchomelea jioni.

Nilidhani umeme umekatika. Nikachungulia juu ya ukuta, nikamkuta amekaa kwenye ndoo, mikono magotini, mashine imezimwa. Nikamuuliza kulikoni.

"Nakusubiri umalize," akasema. "Binti yako alikuja. Amesema mama yake anamaliza saa moja. Nitaanza saa moja."

Mtu niliyemtangaza mtaa mzima kwamba hana adabu. Nikasema asante, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kwa shida. Nikapanda juu. Mvumo safi, hauna krrr hata moja, na ndani yake hamna mtu.

Agosti 13

Mvumo safi.

Agosti 19

Leo nimemfuma binti yetu jikoni anaosha sufuria huku amevaa visikilizio, anacheka peke yake mpaka mabega yanatikisika. Nikamuuliza anasikiliza nini. Akajifanya hajasikia. Nikauliza tena. Akavua kimoja.

"Mama."

"Mama yupi?"

"Mama, baba. Ananitumia vipindi. Kila siku." Akakausha mikono kwenye sketi. "Wewe si ulikataa."

Kumbe muda wote ninaparamia paa kama mwizi, mtoto anamsikiliza mama yake jikoni. Hasira ilinipanda, nikaona nitapasuka. Na zaidi ya hasira nilikuwa na wivu, nasema ukweli, wivu juu ya mtoto niliyemzaa. Akaninyooshea kisikilizio kimoja, kimelowa povu la sabuni.

"Sikiliza huyu mzee anayetafuta mbuzi wake. Utacheka."

Mkono wangu ulitaka kwenda. Nikawakumbuka mashemeji na makofi yao.

"Mimi nitamsikia hewani," nikasema.

Alinitazama kwa muda, si kwa dharau, ni kama anamtazama mgonjwa. Akarudisha kisikilizio sikioni, akaendelea kuosha.

Agosti 20

Sijapanda paa leo. Kichwa kinauma.

Agosti 21

Nimepanda.

Septemba 1

Mke wangu amepiga. Alianza, "Nina jambo nataka tuongee, una nafasi?" Nikamwambia ninayo, lakini kwanza anisaidie, amuulize fundi mitambo wao kama antena ya kule imesimama au imelala, kwa sababu kama yao imesimama na yangu imelala ndiyo maana nateseka hivi. Akasema atauliza. Nikamuuliza jambo lake ni lipi, akasema litasubiri.

Septemba 3

Antena yao imesimama! Miezi yote hii yangu imelala! Nimeigeuza leo. Cheche alikuja na mashine yake akanichomelea kishikio kipya cha mlingoti, na hakijapinda, nikubali. Wakati tunashuka ngazi akaniambia, "Fundi, nikuulize kitu usikasirike?"

"Uliza."

"Huyu unayemtafuta ni mkeo, au ni kituo?"

Nilikasirika.

Septemba 10

Nimeshuka paa sasa hivi.

Jioni ya leo upepo haukuja. Joto lilikaa kama lilivyokuwa mchana, majani yametulia, na nilipotazama bondeni saa kumi na moja na nusu nikaona moshi wa tanuri umelala. Jioni! Nilipanda ngazi bila viatu. Mvumo ukapungua, ukapungua, nikasikia muziki kwa mbali, muziki ukashushwa, na mwanamke akasema: "Wapenzi wasi—"

Ni yeye. Ningeijua sauti ile hata ndani ya kisima.

Hapo hapo ikaja ngurumo, GRRRR, ikamfunika. Nikamtukana Cheche, nikainua kichwa. Cheche yuko kwenye ndoo yake, mashine imezimwa, ananitazama. Ngurumo ilitoka chini yangu. Ni karakana yangu. Friji mbovu ya mwenye hoteli niliiacha kwenye umeme kwa majaribio, na mota yake ndiyo ilikuwa inaamka. Niliruka ngazi, nikachomoa waya, nikapanda tena. Majani ya mwembe wa jirani yalikuwa yameanza kutikisika. Mvumo.

Kiangazi kizima nimepata neno moja na nusu, na aliyenizibia ni mimi mwenyewe.

Nilikaa juu pale nikalia kidogo. Cheche aligeuza uso akajifanya anatafuta kitu sakafuni.

Septemba 11

Upepo.

Septemba 15

Upepo. Mawingu ya kwanza upande wa ziwa. Mvua ikianza moshi hautalala tena.

Septemba 16

Nimempigia bucha. Hakupokea.

Septemba 19

Nimeamua. Mkataba wake unakwisha mwisho wa mwezi. Sijamsikia, lakini nimechoka, na nyumba imekuwa ya ajabu, mtoto anaongea na simu, mimi naongea na moshi. Keshokutwa nitamwambia arudi nyumbani, na liwalo na liwe. Nimejipangia maneno. Nitaanza na mtoto, nitamalizia na stendi, kwamba wamemwekea nafasi yake dirishani.

Septemba 21

Niandike taratibu, nisiruke kitu.

Asubuhi moshi ulikuwa umelala kuliko siku zote, umefunika bonde zima, mabati hayaonekani. Sikuwa na haja hata ya kupanda. Niliwasha redio karakanani nikiwa natafuta bisibisi, nikijiandaa kwa kelele za Mzee Kelele.

Ilikuwa sauti ya mke wangu.

"Mwenzangu kashikwa na mafua, hata kufoka hawezi," anasema, "kwa hiyo asubuhi hii mtanivumilia mimi." Halafu akacheka.

Nilikaa chini kwenye sanduku la vifaa. Alikuwa wazi kabisa, hana mkwaruzo, nasikia mpaka karatasi anavyozigeuza. Akampokea kijana anayetaka kumwomba msamaha mchumba wake, akamwambia, "Ongea naye yeye, mimi sikukosewa." Akampokea mzee aliyepoteza mbuzi, na nikaelewa kwamba mzee huyo ni rafiki wa kipindi, anapiga kila wiki, mbuzi hupotea kila wiki. Alimuuliza mbuzi anavaa viatu namba ngapi, afuatwe nyayo. Mzee akacheka mpaka akakohoa, mke wangu akamngoja amalize kukohoa, akamuuliza kama amekunywa dawa.

Nimekaa na mwanamke huyu miaka kumi na saba. Najua anavyotangaza basi la saa nne. Sikujua kwamba yuko hivi. Au alikuwa hivi zamani, na mimi nimezoea mtu anayeulizia gesi.

Binti aliingia na sare ya shule, begi mgongoni. Akasimama nyuma ya sanduku akaweka mkono begani kwangu.

Akapiga simu mama mmoja. "Mwanangu, tumesikia unatuacha mwisho wa mwezi. Ni kweli?"

Karatasi zikaacha kugeuzwa.

"Hapana, mama," mke wangu akasema. "Siondoki. Nimesaini jana. Nipo hapa kwa miaka miwili, Mungu akipenda."

Yule mama akapiga kigelegele. Kilifika karakanani kwangu kizima, chote, kutoka ng'ambo ya ziwa. Mkono wa binti ukanibana bega. Nilipomtazama nikaona naye hakujua.

Miezi yote hii nimeomba kituo kisife. Leo niliomba kife. Hakikufa. Kiliendelea kukaa wazi, jua likapanda, saa tatu ikapita, binti akaenda shule amechelewa, na mke wangu bado yuko pale karakanani anasoma salamu za watu. Ningeweza kuzima. Sikuzima. Nilisikiliza mpaka aliposema kwaheri.

Usiku akapiga. "Nataka kukuambia kitu," akaanza, "na leo usinikatize."

"Nimekusikia asubuhi."

"Umesikia nini?"

"Mbuzi. Na kusaini."

Nikasikia anavuta pumzi. "Nilitaka kukuambia mwenyewe. Wallahi nilitaka. Kila nikianza unanieleza antena."

Nilikuwa na maneno yangu niliyoyapanga, ya mtoto na ya stendi, na hata moja halikutoka. Alisema mwenye kituo alitaka jibu jana, na alishindwa kunisubiri kwa sababu hajui ananisubiri nifanye nini. Nikamwambia tuliahidiana kuamua wote wawili. Akasema, "Najua. Nimekukosea hapo." Kisha, kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia tangu tukiwa wachumba, akauliza, "Nilikuwaje?"

Nilitaka kumuumiza. Ningeweza, nilikuwa na nafasi.

"Ulikuwa mzuri," nikasema. "Ulikuwa mzuri sana. Nimecheka na yule mzee."

Nikamsikia analia. Sikumnyamazisha. Tulikaa hivyo, simu iko hewani, na kwa mara ya kwanza tangu Juni sikuwa na la kueleza kuhusu shaba.

Mwisho nikamuuliza, "Huko watu wana friji?"

Alipenga kamasi kwanza. "Wanazo. Zinaharibika kila siku. Fundi ndiye hakuna."

Sijakubali chochote, hasira ninazo bado, na kesho nikiamka huenda zitakuwa zimezidi. Nina karakana hapa, nina mtoto anayekaribia mtihani. Lakini swali nimeshaliuliza, na yeye amelisikia.